Neno Tulilolifukuza Wodini

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo mimi silisemi. Nikiwa juu ya pikipiki na nimefika ninapokwenda, humgonga dereva begani nikamwambia angoje hapo. Nikitaka mtoto atoke kwenye kiti humwambia "lamuka", kama tunavyosema kwetu. Wanangu walizoea tangu wadogo. Mkwe wangu, ambaye ni mtu wa kuuliza, aliniuliza juzi kwa nini nalizunguka neno rahisi kama lile, nikamjibu kwamba ni mazoea ya kazi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, na nimechoka kuibeba ile nusu nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembeza watu. Miaka ya vita ya pili nchini kwetu nilikuwa msaidizi katika chumba cha kine cha hospitali moja ya Butembo, upande wa Kimemi, kwenye mteremko ambao hata mwenye miguu mizima alifika juu akihema. Kine ndilo jina tulilolipa kazi ya kumrudisha mtu kwenye miguu yake baada ya mfupa kuunga au risasi kutolewa. Diploma sikuwa nayo. Nilianza kwa kufua mashuka. Mtawa aliyeongoza chumba kile, ambaye sote tulimwita masere, aliona nina mikono yenye nguvu na mdomo mkali, akasema vyote viwili vingemfaa.

Masere alikuwa Mnande kama mimi, mfupi, mwenye haraka, na aliamini kwamba wagonjwa hawaanguki, huangushwa. Kila aliyeanguka katika chumba chake alikuwa na mkosaji wake, na mkosaji hakuwa mgonjwa. Imani hiyo ilinitia wasiwasi ambao niliubeba hadi nyumbani. Nilikuwa nachambua maharage jikoni huku nikijiuliza kama nimekausha maji pale mlangoni. Nilijifunza kuitazama sakafu kabla ya kumtazama mtu: maji yaliyomwagika, ganda la ndizi, kamba ya ndoo. Mpaka leo nikiingia kwa jirani macho yangu huanza chini, na najua wengine hudhani nawachunguzia usafi.

Katika hospitali zetu mgonjwa haji peke yake. Huja na garde-malade wake, yaani ndugu wa kumpikia, kumfulia na kulala chini ya kitanda chake, na hao garde-malade ndio walikuwa ugomvi wangu wa kila siku. Walikuwa na upendo mwingi na subira ndogo. Wakitaka kumwinua baba yao walimkamata mikono yote miwili wakavuta kama wanang'oa muhogo. Niliwafokea. Niliwaambia bega la mgonjwa likichomoka watakuwa na wagonjwa wawili ndani ya ngozi moja, na hapo ndipo waliponisikiliza.

Sisi tulitumia kikwembe, yaani kitenge. Kikwembe kikuukuu, kilichokunjwa kwa urefu mpaka kikawa mshipi mpana, kikafungwa kiunoni mwa mgonjwa juu ya nguo, fundo likakaa mbele, pembeni kidogo. Unajiweka upande wa mguu unaouma, nyuma kidogo. Mkono mmoja unakishika kile kikwembe mgongoni, kiganja kimeelekea juu, na mwingine unakuwa tayari mbele ya bega. Mtu akiyumba humvuti, unamrudisha kwako. Magongo yetu yalichongwa kwa mti wa kalitusi, ambao Butembo hatujawahi kuukosa, na chini yakavishwa kipande cha tairi la gari ili yasiteleze. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo vilipaswa kupita vidole viwili, kwa sababu uzito hukaa mikononi. Anayejitundika kwa kwapa, baada ya siku chache vidole hufa ganzi na sahani inamponyoka. Kwenye ngazi tulisema mguu mzima ni mkubwa na mguu mgonjwa ni mdogo: kupanda, mkubwa anatangulia, kushuka, mdogo anatumwa mbele pamoja na magongo. Watu walicheka, lakini hawakusahau.

Mwalimu aliletwa bila garde-malade. Alikuwa akifundisha Beni, katika shule ya serikali, na alitoka jimbo la mbali kabisa, kule ambako watu husema Lingala tangu tumboni mwa mama. Serikali ilimtuma kwetu kabla ya vita, vita ikamkuta huku. Alikuja Butembo kwa shughuli za shule, na kamyo aliyopanda, lori la mizigo, ikapinduka kwenye miteremko ya Kabasha. Mfupa wa paja la kushoto ulivunjika. Alilala majuma mengi mguu umefungiwa mfuko wa mchanga ili mfupa ukae sawa, kisha daktari akatukabidhi sisi.

Mke wake na watoto wanne walibaki Mulekera, kule Beni. Habari za kule zilikuwa mbaya. Watu walikuwa wakitoka msituni, magharibi ya Beni, na magodoro vichwani, wakisema mapigano yanawafuata nyuma. Mwalimu aliwapa madereva barua, na siku moja alipata jibu, karatasi ya daftari iliyokunjwa ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Alinisomea. Mkewe aliandika kwamba huko kila mtu anasema mguu umekatwa, na kwamba anaomba aambiwe ukweli. Tangu siku hiyo mwalimu alitaka jambo moja tu: kuingia uani kwake na miguu yake miwili, mkewe akimwona, kabla vita haijafika Mulekera. Hakuwa na ndugu Butembo, kwa hiyo nikawa ndiye ninayemfungia kikwembe, na pia ndiye ninayemletea uji. Aliniita mama kine.

Alikuwa mwanafunzi mzuri, jambo ambalo si kawaida kwa walimu. Katika wiki ya tatu ya mazoezi aliweza kuvuka chumba na kurudi. Sasa, tulikuwa na kiti cha magurudumu kimoja, na breki yake ya kulia ilikuwa imekufa. Tuliziba pengo hilo kwa jiwe. Kabla mtu hajakaa, jiwe linawekwa nyuma ya gurudumu la kulia. Jiwe lilikuwa na kazi yake, na kuliweka ilikuwa kazi yangu.

Asubuhi ile milio ya bunduki ilisikika ng'ambo ya mji, na mwanangu mkubwa alikuwa shuleni upande huohuo. Mwalimu alimaliza duru yake. Akageuka, akakigusa kiti kwa shavu la mguu mzima, akakusanya magongo yote mawili mkono mmoja, akaanza kushuka, kila kitu kama tulivyomfundisha. Mimi nilikuwa nasikiliza dirishani. Nilipogeuza macho niliona kiti kinaanza kurudi nyuma, na jiwe liko chini ya dirisha, karibu na mguu wangu. Niliachia kikwembe ili nikikamate kiti, na papo hapo nikapiga kelele: "Mwalimu, simama!"

Kwa mtu wa barabara zetu neno lile maana yake ni acha, usiendelee, baki hapo ulipo. Ndivyo dereva anavyoambiwa, na mbuzi pia. Lakini mwalimu alikuwa amelitumia kila asubuhi kwa miaka, mbele ya darasa zima, na kila alipolisema watoto waliruka kutoka kwenye mabenchi wakawa wima. Kiswahili chake alikipata darasani. Kwake neno lile lilikuwa inuka, tena upesi, kwa miguu miwili. Na mwili wake ukatii. Aliruka juu kama mtoto wa darasa la pili, akaukanyaga mguu wa kushoto kwa uzito wake wote, na akaanguka mbele yangu huku mikono yangu imeshika kiti kitupu.

Nilisikia watu wakikimbia koridoni. Kabla masere hajafika, nililisukuma jiwe kwa mguu mpaka likakaa nyuma ya gurudumu.

Daktari alisema mfupa haukuachana, lakini ulitikiswa, akamrudisha kitandani kwa wiki tano. Masere aliniuliza ilikuwaje. Nilimweleza habari ya neno, na habari ya jiwe nikaimeza. Masere ameshafariki, na alifariki bila kuijua. Neno lilikuwa la kweli, ndiyo maana uongo wangu ulikaa vizuri. Nilimwona amekunja uso akifikiri, kisha akasema kwa sauti ya kutosha hata waliokuwa uani wasikie.

"Kuanzia leo, mu chumba yangu, ile neno hapana. Mutu akitaka mugonjwa aache, aseme ngoja. Akitaka ainuke, aseme lamuka. Ni vile tu."

Ikaandikwa kwenye kipande cha katoni na kubandikwa mlangoni. Aliyelisema alifagia chumba, awe mgonjwa, garde-malade au daktari, na daktari alifagia mara mbili. Jumapili katika kanisa la hospitali, padri alipowaalika watu wawe wima kwa ajili ya Injili, wagonjwa wetu wa benchi la mbele walitazamana wakacheka chini chini wakingoja nani atampelekea ufagio. Mimi sikucheka. Kila nilipopita mbele ya katoni lile niliona jiwe.

Wiki tano ziliisha, tukaanza upya kuanzia ukingo wa kitanda. Mwalimu alikuwa ameingiwa na hofu na mwili wake haukumwamini mtu, mimi hasa. Masere akabuni zoezi. Mwalimu akiwa katikati, ameshaondoka kwenye kiti lakini hajafika juu, nilimwambia "ngoja", naye alipaswa kubaki hapohapo, mapaja yakitetemeka, mpaka nimwambie "lamuka". Tulifanya hivyo asubuhi na alasiri. Mwanzoni alibaki kwa pumzi moja, baadaye kwa Salamu Maria moja nzima, ambayo niliisali mimi kwa sababu yeye alikuwa Mprotestanti na alisema hawezi kumtania Mungu kwa sala ya wenyewe. Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu aanguke, nami nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Njia ya Beni ilikuwa imefungwa wakati huo, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Ilipofunguliwa mara ya pili, mwalimu alisema anaondoka hata kwa kutambaa. Masere aliniita pembeni.

"Weye ndiyo ulimuangusha," aliniambia. "Weye ndiyo utamupeleka."

Hakuna aliyenitisha kama masere siku ile, kwa sababu alikuwa na haki zaidi ya alivyojua.

Tuliondoka asubuhi na kamyo ya mizigo. Dereva alikubali mwalimu akae ndani, karibu na mlango, mguu umenyooshwa, nami katikati. Masere alikuwa amemwonya mwalimu asifungue kinywa njiani. Wapiganaji waliokuwa wakija kutoka msituni walisema Lingala, na siku zile kwenye vizuizi mtu mwenye ulimi wa Lingala aliulizwa maswali mengi. Wengine walipelekwa nyuma ya nyumba kuulizwa zaidi, na hawakurudi kupanda gari lao. Kwa hiyo mimi ningesema, yeye angenyamaza. Nilikuwa nimemfunga kikwembe kiunoni kabla ya kuondoka, na njia nzima nilikishika ingawa alikuwa amekaa.

Tulikuwa tumeshatoka mjini niliposhtuka. Tulilifukuza lile neno wodini, lakini barabarani lilikuwa bado na kazi yake. Askari wote wa vizuizi vyote walilitumia, na mimi kwa wiki nyingi nilikuwa nimemfundisha mwalimu kila kitu isipokuwa hilo. Nilimnong'oneza kwamba kule mbele atalisikia, na kwamba maana yake itakuwa ngoja, ngoja tu, asifanye jambo jingine lolote. Alitikisa kichwa kwa upole, akanijibu kwa kunong'ona kwamba anajua, hata watoto wa darasa la kwanza wanajua. Nilimwambia si kichwa chake ninachokiogopa, ni mwili wake.

Alitazama kalitusi zinavyopita. Kisha akasema, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kutafutatafuta:

"Mama, ile jiwe niliiona. Ilikuwa chini ya dirisha."

Kwanza nilikasirika, ndivyo nilivyo. Nilimuuliza kwa nini hakusema, kwa nini aliniacha wiki zote zile nikimletea uji kama mtakatifu. Alisema aliona pia nilivyokuwa nasikiliza milio, na alijua mtoto wangu yuko shule gani. Yeye pia ana watoto shuleni, alisema, na mzazi wa namna hiyo hawezi kukumbuka jiwe. Hasira ikanitoka, yakaja machozi, nikageuza uso upande wa dereva, ambaye alidhani ni vumbi akapandisha kioo.

Kizuizi kilikuwa mti wa mwanzi uliolazwa juu ya mapipa mawili, kabla ya daraja. Mvua ilikuwa imeanza. Tuliamriwa kushuka wote, tukae kwenye majani kando ya barabara, tuitwe mmoja mmoja na vitambulisho. Mwalimu hakuweza kukaa chini kwenye majani, maana kutoka chini kabisa hakukuwa na namna ya kumwinua peke yangu. Nilimwomba dereva kreti tupu ya chupa, nikaipindua, nikaigandamiza matopeni mpaka ikatulia. Safari hii niliijaribu kwa mikono na kwa magoti. Nikamkalisha. Magongo niliyalaza upande wake wa kushoto, karibu na mkono, mbali na miguu ya watu, kama inavyotakiwa. Mvua ilipokaza, wapagazi wa ile kamyo walitandaza turubai juu ya mizigo iliyoshushwa kukaguliwa, na ncha yake ikafunika magongo. Niliona ikiyafunika. Nilifikiri ni vizuri, hayataloa, matairi hayatateleza.

Askari aliyekuwa akiita watu alikuwa mtu mzima, macho mekundu kwa kukosa usingizi, bunduki kifuani. Alimnyooshea mwalimu kidole, akamwambia yule wa kofia aje.

Mwalimu alifanya kila kitu sawasawa. Hilo nataka lieleweke. Alisogea ukingoni mwa kreti, akaurudisha mguu mzima chini yake, akaupeleka mgonjwa mbele, akainamisha kifua, akasukuma kreti kwa mkono wa kulia. Nami nilikuwa upande wangu, nyuma kidogo, kiganja juu, nimeshika kikwembe. Na alipokuwa katikati, makalio yameshaiacha kreti, mkono wake wa kushoto ukaingia chini ya turubai kutafuta magongo.

"Simama!"

Askari aliona mtu asiyesema kitu akiingiza mkono chini ya turubai kutoa kitu kirefu. Alisema acha. Mwalimu alisikia inuka. Nilihisi kwenye kikwembe, kabla sijaona kwa macho, jinsi mwili wake ulivyokaza ili upande juu, na mkono ukazama zaidi chini ya turubai.

"Nilisema simama!" Na bunduki ikalia ule mlio wa chuma wa kuwekwa tayari. Watu waliokuwa kwenye majani walilala kifudifudi.

Sikupiga kelele. Kelele ndiyo iliyomwangusha mara ya kwanza. Nilisema kwa sauti ya chumba cha kine, ile ya asubuhi na alasiri.

"Mwalimu, ngoja."

Akabaki hapohapo. Nusu ya njia, magoti yamepinda, mkono chini ya turubai bila kutikisika hata kidole, mapaja yakitetemeka kama siku zote. Alikuwa ameganda pale pale nilipomfundisha kuganda.

Askari alitutazama wote wawili. Kisha akaniambia mimi: "Weye mama, mikono juu."

Hapo nitasema ukweli, kwa sababu ndio nilioujia. Mimi ni mwoga. Nimekuwa mwoga maisha yangu yote, naogopa radi, naogopa mbwa, na mbele ya bunduki ile haja ndogo ilinitoka nikaihisi ikiteremka mguuni pamoja na mvua. Lakini karibu uzito wote wa mwalimu ulikuwa kwenye mkono wangu. Nikiuachia, angeangukia kushoto, juu ya mguu uleule, na mkono wake ungetoka chini ya turubai na magongo, na yule askari asingengoja kuona ni nini. Niliogopa kufa. Niliogopa zaidi kumwangusha mara ya pili.

"Afande," nilisema, "nikimuachilia ataanguka."

"Mikono juu."

"Afande, nikimuachilia ataanguka. Eko mugonjwa ya mufupa. Chini ya turubai kuko tu bekiye yake, magongo ya kutembelea. Ufunue weye mwenyewe."

Sikuinua mikono. Vidole vilikuwa vimejifunga kwenye kitambaa na sidhani vingefunguka hata kama ningetaka. Nilianza Salamu Maria kimoyomoyo, nikaimaliza, nikaanza nyingine, na mwalimu alikuwa bado katikati. Hatukuwahi kufika ya pili kule wodini.

Askari alikuja, akafunua ncha ya turubai kwa mdomo wa bunduki. Yalikuwa magongo mawili ya kalitusi, matambara juu, tairi chini. Akaligusa moja kwa kiatu. Akauliza kwa nini mtu huyu hasemi.

"Ku kine mugonjwa hapana kusema wakati ya kulamuka," nilimjibu. Ilikuwa kanuni ya kweli kabisa. Masere hakupenda watu wanaopiga soga wakiwa juu ya mguu mmoja.

Aliendelea kututazama. Sijui aliona nini. Labda aliona suruali ya mwalimu inavyotikisika, au sketi yangu ilivyolowa kuliko mvua. Akashusha bunduki, akasema, kama mtu aliyechoka: "Basi, alamuke."

"Lamuka, mwalimu," nikasema, na akainuka.

Hakuulizia tena vitambulisho. Tulivuka kizuizi kwa miguu, magongo mbele, mguu mgonjwa, mguu mzima, magongo mbele. Sikuwatazama askari. Nilitazama matairi ya magongo yakishika tope moja baada ya jingine, na nilipofika ng'ambo ya daraja nilitapika kando ya barabara. Mwalimu aliningojea bila kugeuka, kwa heshima.

Kamyo ilitupakia tena, na Beni tulifika alasiri. Kutoka barabara kubwa hadi Mulekera tulipanda pikipiki watatu, mguu wake umenyooshwa pembeni na mimi nyuma nimeukumbatia mgongo wake wote. Aliposhushwa uani kwake alikuwa hana nguvu tena. Alikuwa anataka kuingia kwa miguu yake, na ikabidi dereva wa pikipiki na mimi tumbebe hatua za mwisho mpaka kwenye kiti kilicholetwa upesi. Niliona uso wake, nikajua anaona haya. Watoto wake wanne walipangwa kwenye benchi kando ya ukuta na walimkodolea macho kama mgeni.

Mkewe alitoka kwenye shamba lake nyuma ya nyumba, mikono ina udongo. Hakumsalimu. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaanza kuupapasa mguu wa kushoto juu ya suruali, kuanzia pajani, polepole, goti, muundi, mpaka kwenye vidole, kisha akaanza tena kutoka juu. Alisema neno moja tu la kwao, na mwalimu akaniambia maana yake ni "upo". Kisha akageuka kwangu, si kwa mumewe, akaniuliza kama mguu huo unafanya kazi au unaning'inia tu.

Nilitaka kumweleza habari za mfupa. Badala yake nilikagua kiti, nikakitikisa, kiko imara. Nikampa mwalimu magongo yake mkononi, nikashika kikwembe mgongoni, ambacho fundo lake lilikuwa limekazwa mpaka baadaye mkewe alilifungua kwa meno. Na nikalisema lile neno, kwa mara ya kwanza tangu siku ya jiwe, na kwa mara ya mwisho mpaka leo.

"Mwalimu, simama."

Aligeuza shingo akanitazama. "Simama gani, mama?"

"Ile ya ku masomo."

Aliinuka. Na kwenye benchi kando ya ukuta, watoto wake wote wanne wakainuka pamoja naye.